Mizani, Mabishano na Risasi ya Uluguru

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeanza hesabu za moli hupewa orodha fupi ya namba: haidrojeni 1, kaboni 12, oksijeni 16, sodiamu 23, klorini 35.5. Anaipokea kama alivyopokea jedwali la kuzidisha, kisha anajumlisha. Maji yana haidrojeni mbili na oksijeni moja. 1 na 1 na 16 ni 18, basi moli moja ya maji ina masi ya gramu 18. Chumvi ya mezani ni 23 na 35.5, yaani gramu 58.5. Akipewa gramu 117 za chumvi, anagawanya kwa 58.5, anapata moli 2, na mwalimu anampigia vema. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Lakini muulize hiyo 16 ya oksijeni ilitoka wapi, maana hakuna mizani ya kuweka atomu moja, naye atakwambia imeandikwa kitabuni.

Jibu hilo ndilo linalowafanya watoto wengi waiogope kemia. Namba isiyo na asili hukaririwa, na kilichokaririwa hakikawii kusahaulika. Namba hizi zina asili. Zilipatikana kwa kupima, zikagombewa kwa nusu karne, zikakosewa na watu wenye akili nyingi, kisha zikasahihishwa. Mojawapo, ile ya risasi, ilitikiswa na mawe yaliyotoka kwenye milima ya Uluguru, Morogoro. Ni historia inayostahili kusimuliwa tangu mwanzo wake.

Mtoto wa mfumaji

John Dalton alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na familia ilikuwa ya dhehebu la Quaker, jambo lililomfungia mlango wa vyuo vya Oxford na Cambridge. Alianza kufundisha shule akiwa na umri wa miaka 12. Kuanzia mwaka 1787 hadi kufa kwake mwaka 1844 aliandika daftari la hali ya hewa, siku baada ya siku, na hewa ndiyo iliyomfikisha kwenye atomu. Alijiuliza: ikiwa hewa ni mchanganyiko wa gesi nzito na nyepesi, mbona zile nzito hazitui chini?

Mambo mawili yalikuwa yameshajulikana alipoanza kazi. Antoine Lavoisier wa Paris, aliyekatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa ameonyesha kwamba katika badiliko la kikemia masi haipotei. Ukipima vyote vilivyoingia na vyote vilivyotoka, mizani inalingana. Joseph Proust, Mfaransa aliyefanya kazi Hispania, naye alionyesha kwamba kampaundi safi huwa na uwiano uleule wa elementi zake, iwe imechimbwa ardhini au imetengenezwa maabara.

Dalton akatafuta sababu. Kila elementi, alisema, ina atomu zake, zote zenye uzito sawa, na kampaundi hutokea atomu hizo zinapoungana kwa idadi maalumu. Mwaka 1803 aliandaa jedwali la kwanza la uzito wa atomu, na mwaka 1808 akaanza kuchapisha kitabu chake kikuu cha kemia. Atomu moja hakuweza kuipima, ila aliweza kulinganisha. Aliipa haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, namba 1, na nyingine akazikadiria kwa hiyo.

Hapo akakutana na kikwazo kilichowasumbua wote waliomfuata. Maji yakichanganuliwa vizuri hutoa gramu 8 za oksijeni kwa kila gramu 1 ya haidrojeni. Chukua kapu lenye machungwa na ndimu. Ukiambiwa machungwa yote kwa pamoja yana uzito mara 8 ya ndimu zote, bado hujui chungwa moja ni mara ngapi ya ndimu moja, mpaka uambiwe yako mangapi ya kila aina. Idadi zikiwa sawa, chungwa ni mara 8. Ndimu zikiwa mara mbili ya machungwa, chungwa ni mara 16. Dalton hakuwa na njia ya kuhesabu kilichomo kapuni, akachagua lililo rahisi kuliko yote: atomu moja kwa atomu moja. Vipimo vyake vilikuwa na kasoro pia, kwa hiyo mwaka 1808 oksijeni yake ilikuwa 7.

Tatizo likawa duara. Ili kupata uzito wa atomu unahitaji fomula, na ili kupata fomula unahitaji uzito wa atomu.

Mwanasheria aliyegeukia gesi

Njia ya kutoka ilionekana mapema. Mwishoni mwa mwaka 1808 Joseph Louis Gay-Lussac alitangaza mjini Paris kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano mwepesi: lita 2 za haidrojeni na lita 1 ya oksijeni hutoa lita 2 za mvuke wa maji. Dalton alikataa. Kama chembe moja ya oksijeni inatosha kutengeneza chembe mbili za maji, basi atomu ya oksijeni imepasuliwa katikati, na kwake atomu haipasuki.

Amedeo Avogadro alizaliwa Turin mwaka 1776, akasomea sheria za kanisa kabla ya kuhamia fizikia. Mwaka 1811, akiwa mwalimu katika mji mdogo wa Vercelli, alichapisha makala yenye mawazo mawili. La kwanza, gesi zozote zenye ujazo sawa, zikiwa katika jotoridi na mgandamizo uleule, zina idadi sawa ya molekuli. La pili, molekuli ya oksijeni inaweza kuwa atomu mbili zilizoshikana, kwa hiyo hugawanyika bila atomu yoyote kupasuliwa.

Yakubali yote mawili, na duara linakatika. Lita ya oksijeni ina uzito wa karibu mara 16 ya lita ya haidrojeni. Idadi ya molekuli ndani ya lita hizo ni ileile, basi molekuli ya oksijeni ni mara 16 ya molekuli ya haidrojeni. Kila moja ina atomu mbili, basi atomu nayo ni mara 16. Maji ni H₂O, na gramu 18 za mwanafunzi wetu zimepata msingi. Kupima chupa mbili za gesi kumekuwa njia ya kupima molekuli.

Hakusikilizwa. Mkemia mwenye sauti kubwa kuliko wote wakati huo alikuwa Jöns Jacob Berzelius wa Stockholm, aliyechanganua kampaundi zipatazo 2,000, akatuachia alama za herufi tunazotumia hadi leo, na kutoa majedwali ya uzito wa atomu yaliyoshinda yote ya kabla yake. Berzelius aliamini kwamba atomu hushikana kwa umeme, chanya kwa hasi. Atomu mbili za oksijeni, zenye umeme wa aina moja, zingesukumana tu, zingeshikanaje? Kisha mwaka 1826 Jean-Baptiste Dumas wa Paris alibuni njia nzuri ya kupima uzito wa mvuke, na zebaki, fosforasi na salfa zikampa namba zisizoeleweka. Leo tunajua kwa nini: mvuke wa zebaki ni atomu moja moja, molekuli ya fosforasi ni atomu nne, na ya salfa ina nyingi zaidi. Dumas hakulijua hilo, imani yake katika wazo la Avogadro ikavunjika.

Wanafunzi ndio walioumia. Profesa mmoja aliandika kaboni 6, mwingine 12. Oksijeni 8 hapa, 16 pale. Mwaka 1861 August Kekulé aliorodhesha katika kitabu chake fomula 19 tofauti zilizokuwa zikitumika kwa kitu kimoja, asidi ya siki. Avogadro alikuwa ameshafariki, mwaka 1856, bila kuona wazo lake likikubaliwa.

Siku tatu za Karlsruhe

Tarehe 3 Septemba 1860, wanakemia zaidi ya 120 walikusanyika Karlsruhe, Ujerumani, kwa wito wa Kekulé na wenzake. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanakemia, nao waliitwa kwa sababu moja: kukubaliana atomu ni nini, molekuli ni nini, na namba zipi zitumike.

Miongoni mwao alikuwemo Stanislao Cannizzaro, mzaliwa wa Palermo, mwenye miaka 34. Alikuwa amejiunga na uasi wa Sicilia wa mwaka 1848, na uliposhindwa akakimbilia Ufaransa. Aliporudi Italia alifundisha, hatimaye katika mji wa Genoa, na mwaka 1858 alichapisha muhtasari wa masomo yake. Mwalimu mwenye darasa mbele yake hawezi kuandika ubaoni fomula 19 za kitu kimoja, na Cannizzaro alijua mwananchi mwenzake Avogadro alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo.

Hoja yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Molekuli ya haidrojeni ipewe 2, kwa kuwa ina atomu mbili. Sasa pima mvuke wa kampaundi mbalimbali za kaboni kwa kuulinganisha na haidrojeni ya ujazo uleule, kisha chunguza katika kila moja kaboni imechukua sehemu gani. Monoksidi ya kaboni inatoa 28, na ndani yake kaboni ni 12. Dioksidi ya kaboni inatoa 44. Kaboni ni 12. Gesi ya vinamasi, tuiitayo methani, inatoa 16. Kaboni ni 12 tena. Ethilini inatoa 28, na safari hii kaboni ni 24. Etha inatoa 74. Kaboni ni 48. Endelea upendavyo: 12, 24, 36, 48. Hutakuta 6 wala 18. Kaboni huingia kwenye molekuli kwa mafungu ya 12, na fungu lisilogawanyika ndilo atomu. Kaboni ni 12.

Mkutano ulikwisha tarehe 5 bila uamuzi wa kuwafunga wote. Lakini Angelo Pavesi, rafiki wa Cannizzaro kutoka Pavia, aligawa nakala za ule muhtasari kwa waliokuwa wakiondoka. Mkemia Lothar Meyer aliusoma, na baadaye akaeleza jinsi mashaka yake yalivyoyeyuka. Dmitri Mendeleev, kijana wa miaka 26 kutoka Urusi, aliondoka akiwa na namba alizoweza kuziamini. Mwaka 1869 alizipanga elementi kwa uzito wake, na jedwali likazaliwa.

Mendeleev aliliamini jedwali lake hata pale lilipopingana na namba zilizokubalika. Urani ilikuwa ikipewa 120. Akaona hapo haina mahali, akaiongeza mara mbili hadi 240, ikawa elementi nzito kuliko zote zilizojulikana. Mahali palipobaki wazi chini ya alumini alitabiri elementi yenye uzito wa karibu 68. Mwaka 1875 galiamu iligunduliwa Ufaransa, na uzito wake ni karibu 70.

Kutoka uwiano hadi gramu

Hadi hapo namba hizi zilikuwa uwiano mtupu: hiki ni mara 12 ya kile. Katika miaka ya 1890 Wilhelm Ostwald wa Leipzig alilipa jina fungu ambalo wanakemia walikuwa wakilitumia kazini: chukua namba ya uzito wa molekuli, iandike kwa gramu, hiyo ni moli moja. Gramu 18 za maji, gramu 58.5 za chumvi, gramu 342 za sukari ya miwa. Masi hazifanani, lakini idadi ya vipande ndani yake ni moja, kwa sababu kila masi imefuata uzito wa kipande chake.

Idadi hiyo ni ngapi? Ostwald mwenyewe kwa miaka mingi hakukubali kwamba atomu zipo kweli. Jean Perrin wa Paris ndiye aliyewafanya wenye shaka wakubali. Kuanzia mwaka 1908 alitengeneza chembe ndogo mno za utomvu wa mti, akaziacha zielee majini, kisha kwa hadubini akazihesabu: ngapi ziko chini, ngapi juu kidogo, ngapi juu zaidi. Jinsi zilivyopungua kuelekea juu ilimwezesha kukokotoa idadi ya molekuli katika moli. Njia nyingine zisizohusiana nayo zilimpa namba za karibu na hiyo, naye mwaka 1909 akaipa jina la Avogadro. Kwa vipimo vya leo ni 6.022 × 10²³. Mwaka huohuo Ostwald alikubali hadharani kwamba atomu zipo.

Mawe ya Uluguru

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilionekana kwamba kazi iliyobaki ni ya kuongeza tarakimu baada ya nukta. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Theodore Richards wa Harvard, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa vipimo vyake. Risasi ilikuwa na namba inayofahamika, karibu 207.2, na ilidhaniwa kuwa hivyo popote duniani.

Mashaka yaliletwa na elimu ya mionzi. Urani hubadilika polepole, ikitoa chembe za alfa zenye masi ya 4 kila moja, na hutoa chembe 8 kabla ya kutulia. 238 toa 32 ni 206. Thoriamu, yenye 232, hutoa 6, inabaki 208. Frederick Soddy wa Glasgow na Kasimir Fajans wa Karlsruhe walieleza mwaka 1913 kwamba njia zote mbili huishia kwenye risasi. Ikiwa ni kweli, risasi iliyozaliwa na urani lazima iwe nyepesi kuliko ya kawaida, ingawa kikemia hazitofautiani hata kidogo. Atomu za elementi moja zingekuwa na uzito tofauti, na kanuni ya Dalton ingevunjika. Soddy aliziita atomu hizo isotopu.

Kazi ya kupima ilifanywa na wengi, Richards akiwemo. Iliyofikia usafi wa pekee ni ya Otto Hönigschmid, aliyejifunza ustadi wake kwa Richards, na Stefanie Horovitz, mkemia kijana mzaliwa wa Warsaw, wakishirikiana na Taasisi ya Radiamu ya Vienna. Risasi kutoka mgodi wa urani wa Joachimsthal, Bohemia, iliwapa 206.74. Tofauti ilionekana, ila mawe ya huko yalikuwa na risasi ya kawaida ndani yake. Walihitaji fuwele safi, ambazo risasi yake yote imetokana na urani.

Fuwele za namna hiyo zilipatikana Uluguru. Milima hiyo, iliyokuwa wakati huo katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, ina miamba yenye ulanga, na pamoja na ulanga yalipatikana mawe meusi mazito ya urani yenye ganda la manjano. Willy Marckwald wa Berlin aliyaeleza mwaka 1906, na madini ya lile ganda akayapa jina kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford.

Hönigschmid na Horovitz walitenga risasi ya mawe hayo, wakaisafisha tena na tena, wakaigeuza kuwa kloridi ya risasi, PbCl₂. Walipima kloridi hiyo, wakaiyeyusha katika maji, kisha wakatafuta ni kiasi gani hasa cha fedha kinachohitajika kuichukua klorini yote. Atomu moja ya fedha huchukua atomu moja ya klorini, kwa hiyo moli moja ya PbCl₂ inahitaji moli 2 za fedha, yaani gramu 215.74. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kumaliza hesabu hii. Klorini mbili ni 70.9. Kwa risasi ya kawaida, 207.2 na 70.9 ni gramu 278.1 za kloridi kwa fedha hiyo. Kwa risasi ya Morogoro zilitosha karibu gramu 276.95. Toa klorini, inabaki 206.05.

Fomula ni ileile na rangi ni ileile, lakini masi ya moli imepungua kwa zaidi ya gramu moja. Kwa mizani iliyosoma sehemu za mia za miligramu, pengo hilo halikuwa na pa kujificha. Matokeo yalichapishwa wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshaanza, nayo yakawa miongoni mwa ushahidi ulio wazi kabisa kwamba isotopu zipo. Soddy alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Horovitz, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ngumu ya maabara, hakukumbukwa ipasavyo. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1942 aliuawa katika kambi ya Wanazi ya Treblinka. Jina lake linastahili kutamkwa darasani pamoja na la Avogadro, na jina la Uluguru pamoja nayo.

Namba za leo

Isotopu zilijibu swali la zamani: kwa nini klorini ni 35.5? Hakuna atomu ya klorini yenye uzito huo. Kuna za 35 na za 37, takriban tatu kwa moja, na 35.5 ni wastani wake. Zilileta pia tatizo jipya. Oksijeni, iliyokuwa imechukua nafasi ya haidrojeni kama kipimo cha vyote, ilionekana kuwa na isotopu tatu, na kwa muda wanafizikia wakatumia kipimo kimoja na wanakemia kingine. Mwaka 1961 wote walihamia kwenye kaboni-12, iliyopewa 12 kamili. Mwaka 1971 moli iliingizwa rasmi katika mfumo wa kimataifa wa vipimo, na tangu tarehe 20 Mei 2019 imefafanuliwa kwa idadi: vipande 6.02214076 × 10²³, bila kupungua wala kuzidi.

Risasi nayo haikutulia. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba uzito wake rasmi sasa unaandikwa kama masafa, kuanzia 206.14 hadi 207.94, kwa kuwa inategemea mahali ilikochimbwa. Kwenye hesabu za shule 207.2 inatosha kabisa, na mwanafunzi aitumie bila wasiwasi. Ila ajue kwamba ni wastani wa vitu halisi vilivyopimwa, na mtu yeyote mwenye mizani nzuri na mikono misafi ana haki ya kuipima upya.

Ndiyo maana ningependa kila mwalimu wa kemia, kabla ya kugawa ile orodha ya namba, aandike ubaoni kampaundi tano za Cannizzaro na kuwaachia wanafunzi watafute fungu la kaboni wenyewe. Ni kazi ya kipindi kimoja. Atakayeipata 12 kwa akili yake hatahitaji kuikariri, na akishaelewa masi ya moli ilivyopatikana, kilichobaki katika hesabu za moli ni kujumlisha na kugawanya.